Nilisema "Sijui" Ili Niende Peke Yangu Kwenye Mtihani wa Benki

Admin, naomba jina langu ulifiche, na hata la rafiki yangu nimelibadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Tabora, na nimefanya kazi benki karibu maisha yangu yote. Watu wananiheshimu, kanisani nakaa benchi la mbele. Lakini kuna neno moja nililisema nikiwa msichana kwetu Kasulu, na mpaka leo nikilikumbuka najionea aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani kijijini, si mbali na Heru Juu. Rafiki yangu nitamwita Skola. Mama yake ni Muha kama sisi, ila baba yake alikimbia kutoka Burundi kabla Skola hajazaliwa. Skola mwenyewe alizaliwa pale pale kijijini, mikononi mwa mama yangu, maana marehemu mama alikuwa mkunga wa jadi. Enzi za uhai wake alikuwa akimtania, "Wewe nilikupokea mimi, ulilia kama mbuzi!"

Siku moja padre akatuambia benki fulani inatafuta vijana, mtihani utafanyika Kigoma mjini: Kiingereza, hesabu, na maswali ya kupima akili. Tukaanza kujiandaa. Asubuhi tunapalilia maharage, mchana tunakaa kwenye chumba cha katekisimu na chaki za kuombaomba. Mimi nilikuwa mzuri wa sarufi ya Kiingereza, nikimwonyesha lini aseme "has gone" na lini "had gone". Yeye alikuwa moto kwenye aljebra. Ananiambia, "Mgenzi wanje," yaani rafiki yangu kwa Kiha, "usiiogope hiyo x. Ni mtu tu ambaye hujamjua jina. Muulize taratibu, atajitaja."

Maswali ya mantiki ndiyo yalinishinda. Skola alikuwa ananitungia ya kwetu: "Kila mbuzi wa hapa anakula majani ya mihogo. Nyuma ya nyumba kuna mnyama anakula majani ya mihogo. Je, ni mbuzi?" Nami najibu haraka, "Ndiyo!" Anacheka mpaka anakaa chini. "Na kondoo je? Wewe unakimbilia jibu kabla hujalisikia swali."

Wiki ya mwisho tukajipima. Skola alikosa swali moja. Mimi nilikosa karibu nusu. Nilimpongeza kwa mdomo, lakini moyoni kitu kilinichoma. Tulikuwa tumesikia kwamba wilaya nzima wangechukua watu wachache sana. Nikajiambia, huyu akienda, mimi narudi kwenye jembe.

Ili kufanya mtihani ulitakiwa uwe na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kata. Tukaenda wote ofisini. Katibu alikuwa mgeni, ametoka mkoa mwingine. Akaniita mimi kwanza, Skola akabaki nje kwenye benchi. Akaniandikia barua yangu, akagonga mhuri, halafu akaniuliza, "Huyo mwenzako baba yake si Mrundi? Yeye kazaliwa hapa au kaja naye?"

Wapendwa, jibu nilikuwa nalo. Ningesema tu, "Mzee, amezaliwa hapa, mama yangu ndiye aliyemzalisha."

Nikasema, "Sijui, mzee. Mimi nilimkuta shuleni."

Akaweka kalamu chini. Skola alipoingia aliambiwa maneno yake mwenyewe hayatoshi, alete cheti cha kuzaliwa, kitu ambacho kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nacho. Na majina yalikuwa yanafungwa keshokutwa yake. Alitoka macho mekundu, akaniuliza, "Wewe amekuuliza nini?" Nikamjibu, "Hajaniuliza kitu."

Siku naondoka kwenda Kigoma alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa daftari lake la hesabu. "Nenda nalo. Angalau mmoja wetu apite." Nilifaulu. Maswali ya aljebra niliyafanya nikiisikia sauti yake.

Kumbe neno langu halikuishia pale. Baba yake Skola akaanza kuitwa ofisini kuulizwa makaratasi. Mzee yule aliyekuwa akiuza ndizi kila soko akaacha kutoka, akawa mtu wa kukaa ndani, akisikia pikipiki anaingia migombani. Akafa hivyo hivyo, kwa woga. Skola akaolewa Nyakitonto, mpaka leo analima mihogo na maharage. Uraia wao ulikuja kuthibitishwa baadaye sana, wakati umri wa benki umeshampita.

Mwaka jana alinipigia simu. Namba yangu aliipata parokiani. Sauti ile ile! "Mgenzi wanje, binti yangu anataka kufanya mtihani wa benki. Sina mwingine ninayemwamini." Binti akaja, amekaa kwangu miezi minne, nimemfundisha kwa moyo wangu wote. Ananiita mama mkubwa. Jioni moja akaniambia, "Mama anasema nyie mngefanya kazi wote, ila Mungu hakumpangia." Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili asinisikie nalia. Mungu hakuhusika. Ni mimi.

Binti amefaulu, anaanza kazi mwezi ujao. Sasa Skola anakuja kunishukuru. Anasema ataniletea gunia la maharage, na atalala kwangu siku tatu. Padre niliyemuungamia aliniambia Mungu amenisamehe, lakini aliyedhulumiwa ni Skola, na yeye hajui kama kuna cha kusamehe. Nikimwambia, nitamvunja kwenye furaha pekee aliyoipata, na binti naye atanionaje? Nikinyamaza, nitampokeaje mtu anayenipigia magoti kwa shukrani?

Anashuka stendi Ijumaa. Naomba zaidi wanijibu wale waliowahi kuumizwa na rafiki bila kujua: mngependa kuambiwa?