Weye na weye, munasemezana?

Saa mbili asubuhi, vumbi jeupe la mawe ya chokaa limetanda machimboni Kakontwe, na Marlène Kazadi anatembea kama mtu aendaye harusini. Kwapani amebana karatasi za maswali. Leo anajaribu swali jipya, na tabasamu limemshinda kulificha.

“Mama Marlène, unatuletea tena mitihani?” anamtania mvunja mawe mmoja.

“Mitihani yenye haina kufeli, papa!”

Kazi ya Marlène ni kuuliza. Kituo kidogo cha ushauri mjini Likasi humtuma kwa watu walioumizwa roho na ajali, awapimie kitu kisichowekwa kwenye mizani: mtu amejisamehe kiasi gani. Anayejibu “sana” huhesabiwa amepona, na kiti chake katika kikao cha Jumamosi hupewa mwingine.

Floribert, mvunja mawe wa hapa, alijibu “sana.”

Huyu ndiye aliyemtuma mwenzake Gauthier arudi shimoni kuchukua mtaimbo, siku ukingo ulipoporomoka. Gauthier hakutoka hai. Tangu siku hiyo Floribert hugonga mawe akiwa ameligeuzia shimo mgongo.

“Nikajiuliza, uyu njo muntu mwenye kupona?” anasimulia Marlène. Kabla jina la Floribert halijakatwa kwenye orodha ya Jumamosi, akamfuata.

“Si nilikuambia? Nilijisamehe,” Floribert alimshangaa. “Nilibeba kuku, nikaenda kwa mama yake Gauthier, nikapiga magoti. Akanipokea.”

Marlène akapiga makofi kwa mshangao. Mjini hapa, anayeomba radhi kwa Kifaransa husema *je m'excuse*, neno kwa neno “najisamehe”, na Kiswahili cha mtaani kimefuata njia ileile: kujisamehe ni kuomba radhi! Kumbe siku zote hizo karatasi zilikuwa zikipima adabu za watu, si amani yao.

“Na weye mwenyewe, ulijipokea?”

Floribert alitazama viganja vyake. “Mama alinisamehe. Lakini minye na minye, hatusemezane.”

Dan, mwanasaikolojia wa kituo, alipoletewa maneno hayo aliruka kitini. “Andika vilevile, mama, usiguse hata moja!” Maneno ya Floribert, ya mtu na nafsi yake kusemezana, yakawa swali, na Floribert akabaki na kiti chake cha Jumamosi.

Wiki ijayo Marlène atalipeleka swali Kambove, kwa wachimbaji wa shaba. “Pengine kule bako na neno yabo,” anasema, macho yakimng'aa. “Nitatega sikio nisikie wanavyolisema wao.”

Lakini kwanza mwenye maneno. Anachuchumaa mbele ya Floribert. Nyundo inatulia.

“Papa, weye na weye, munasemezana?”

Floribert anainuka. Anageuka taratibu, analitazama shimo, na haligeuzii mgongo tena.

“Tunasalimiana,” anasema. “Kuchekeshana, bado.”

“Basi natia ‘kidogo’!” Marlène anaangua kicheko, anaweka alama, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Amekwisha kufika barabarani anaposikia akiitwa kutoka kwenye vumbi.

“Mama Marlène! Ukitoka Kambove, uniulize tena!”