Falcon Iliyokataa Kuwaka

Kwa siku tatu staata ilisaga meno, na kwa siku tatu Masumbuko alisaga yake.

Karibu kila alipogeuza ufunguo, mlio wa chuma kinachokula chuma ulitoka chini ya boneti, krrraa, halafu kimya, halafu harufu hafifu ya kitu kilichoungua. Injini haikuzunguka hata nusu duara. Alishuka, akaufunga mlango taratibu kwa kuwa gari halikuwa lake, akasimama kwenye mlango wa gereji ya nyumba akiitazama barabara tupu ya Quakers Hill, pembezoni mwa Sydney. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2021. Baridi ya asubuhi ilikuwa imelala juu ya majani, na helikopta ya polisi ilizunguka upande wa Blacktown kama inzi aliyekosa pa kutua.

Gari lenyewe lilikuwa Falcon ya mwaka 1974, milango miwili, silinda nane, rangi ya chungwa, gari la nguvu ambalo wazee wa Kizungu wa huku hulitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayemtaja marehemu aliyempenda. Mwenye gari alikuwa mzee Colin wa Parramatta. Injini ilikuwa imefumuliwa yote na kufungwa upya na mafundi wengine, ikabaki kazi ya kuirudisha mahali pake. Kazi hiyo alikuwa amepewa Wainaina, Mkenya mwenye gereji ndogo Auburn. Mwezi Juni, fununu za watu kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona zilipoanza, Wainaina alilipakia gari juu ya lori pamoja na injini na makasha ya vipande, akavileta vyote kwa Masumbuko.

"Fundi," alimwambia siku hiyo, "watu wanasema wewe ni moto. Mimi sijaona. Funga hii injini. Nikifungua gereji tena nataka mtu mmoja, na kuna Rufus pia anaitaka hiyo kazi. Rufus ako na makaratasi. Wewe uko na mdomo tu."

"Niko na mikono," Masumbuko alijibu.

"Haya. Nionyeshe mikono."

Zamani kwao Uvira, Kongo, hakuna ambaye angemwuliza Masumbuko makaratasi. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi katika gereji ya misheni, akifungua na kufunga Land Cruiser na malori ya kubeba saruji, na ilisemwa kwamba angeweza kuujua ugonjwa wa lori kwa kikohozi chake kabla halijakata kona ya kanisa. Vita vilipokuja aliondoka na mke na kanga mbili, na karatasi zikabaki kwenye droo ambayo hakuna ajuaye iliishia wapi. Kambini Nyarugusu, Tanzania, alitengeneza mashine za kusaga na baiskeli kwa miaka tisa. Huko hakuna chuma kilichotupwa. Kopo lilikuwa taa, ringi ilikuwa kiti, na kipande chochote cha bati bapa kilikuwa kitako cha jiko. Kisha Sydney. Mama mmoja nyuma ya meza alimwomba cheti, naye akaiweka mikono yake juu ya meza, mama akatabasamu vizuri sana na kumpa fomu. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi ya ghala, zamu ya jioni, akisukuma makasha ambayo hakuwahi kujua yana nini.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mzee Colin atapiga simu ya video Jumapili saa nne asubuhi kuisikiliza injini yake, na kwamba ikiwaka kazi ni yake, Masumbuko hakulala vizuri wiki nzima.

Injini iliingia Jumatatu. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuja, na Wainaina mwenyewe alikuwa mbali kupita zile kilomita tano ambazo serikali ilimruhusu mtu kwenda kutoka kwake. Aliyeshika mpini wa winchi alikuwa mkewe, Emerance, ambaye siku nyingine, kazini kwake, hushika wazee wasioweza kuinuka vitandani.

"Shusha," Masumbuko alisema, mikono yake ikiwa kati ya injini na mdomo wa giaboksi.

"Nashusha."

"Si hivyo! Pole pole!"

"Baba Bénie, weye ulisema shusha. Miye si mashine."

"Fungua kidogo. Kidogo kama chumvi."

"Chumvi ya nani? Ya mama yako ao yangu?"

Hata hivyo, injini ikakaa. Ilikaa kwa urahisi ambao ungepaswa kumtia wasiwasi, lakini alikuwa amechoka na mgongo ulikuwa ukimwuma, akauchukua urahisi ule kama baraka. Jioni kabla ya zamu walichoma samaki nyuma ya nyumba, mbabula yao, jiko la makaa, ikiwa imesimama juu ya bati lake kwenye nyasi zilizolowa, na Masumbuko aliimba.

Jumatano aligeuza ufunguo kwa mara ya kwanza. Krrraa. Bénie, binti yao, alifungua dirisha la juu na kupiga kelele kwa Kiingereza kwamba yuko darasani na mwalimu ameuliza kama kuna mtu anakata bati. Masumbuko alibadilisha betri. Alisugua nyaya. Aliivua staata, akaifungua, akaikuta nzima, akairudisha. Krrraa. Alhamisi alikata vipande vya kopo la sardini akavipachika chini ya staata kuisogeza kidogo, ufundi wa kambini. Mara ya kwanza injini ilizunguka na kuunguruma, moyo wake ukaruka. Mara ya pili ikaunguruma tena. Mara ya tatu ikauma vibaya kuliko mwanzo. Alipoivua staata aliukuta unga wa chuma umekaa kwenye meno mapya ya flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo staata hulizungusha; ulikuwa laini kama wa muhogo, akaupangusa kwa kidole na kukaa akiutazama.

Ijumaa Wainaina alipiga.

"Bwana Congo! Inanguruma ama inalia?"

"Iko karibu."

"Karibu na wapi? Colin amenunua hadi spika ya simu, mzee wa watu. Usiniaibishe."

"Nimesema iko karibu."

"Rufus amenipigia mara mbili leo," Wainaina alisema, na akakata.

Jumamosi asubuhi Masumbuko aliivua staata kwa mara ya sita. Safari hii hakuifungua. Aliketi kwenye sakafu ya saruji, ameipakata, akiitazama tu, kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena. Ndipo alipoiona shingo yake. Kuizunguka pua ya staata kulikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba, kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyeivua pete yake. Kitu kilikuwa kimeishika shingo ile karibu miaka hamsini. Kitu chenye tundu la mviringo. Na kitu hicho hakikuwamo garini.

"Baba Bénie! Mahindi!" Emerance aliita kutoka nyuma. "Yatapoa!"

Alitoka na staata mkononi bila kujua kwamba anaibeba. Emerance alikuwa ameinama juu ya mbabula akigeuza mahindi kwa vidole. Chini ya mbabula lilikuwapo lile bati, pana kama sinia, jeusi kwa moshi, lina matundu madogo ya bolti ukingoni. Pembeni, karibu na mguu mmoja wa mbabula, lilitokeza tundu la mviringo.

Masumbuko alipiga magoti kwenye nyasi. Alisukuma majivu kwa kiganja akaitia pua ya staata katika lile tundu. Iliingia ikakaa, haikucheza hata unywele.

Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka alivyolikuta bati lile kati ya mbao za kasha, limeshika kutu na halina karatasi ya jina. Aliligeuza upande huu na ule. Malori yake ya Uvira hayakuwa na kitu kama hicho. Injini na giaboksi zao zilikutana uso kwa uso. Matundu aliyaona, tena aliyahesabu. Halafu mkono wake mwenyewe, mkono aliomwonyesha Wainaina, ukampa Emerance: "Shika, mama, ile miguu ya mbabula isizame tena."

"Ni nini?" Emerance aliuliza.

"Hii inakaa katikati. Kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inashika staata."

Emerance alilitazama bati, akaitazama gereji. "Basi iweke."

"Kuiweka, lazima nitoe injini yote."

"Yote?" Alisimama wima. "Miye naingia kazini saa saba, na kesho nafanya zamu mbili. Nani atashika mpini?"

"Hakuna."

"Basi sikia. Weka vile vipande vya sardini. Kesho iwake mara moja tu, ule mzungu asikie, Wainaina asikie. Kazi ni yako. Kisha Jumatatu tunatoa injini yako tunaweka bati yako, hakuna mtu atajua."

Halikuwa wazo baya. Masumbuko alienda nalo hadi ndani ya gari, akaketi nyuma ya usukani, mikono yake imejaa majivu, akalipima. Ingewaka. Mara moja kati ya mbili ingewaka. Na kila mara ingetafuna jino jingine la flaiwili mpya, gizani mle ambamo hakuna wa kuona ila aliyeifunga injini. Alijaribu kujiambia kwamba meno mawili si kitu. Aliusikia ule mlio kichwani, krrraa, akajua kwamba ndio atakaousikia kila siku atakapoingia gereji ya Auburn. Alitukana kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili. Halafu akapiga simu.

"Kesho hakuna kitu," alimwambia Wainaina. "Kuna bati la nyuma sikuliweka. Nilidhani ni la kasha. Injini inatoka."

"Ulikuwa umeliweka wapi?"

"Chini ya mbabula."

"Chini ya nini?"

"Jiko. La makaa."

"Ati umekuwa ukichoma nini juu yake?"

"Mahindi. Na samaki."

"Rufus angejua hiyo plate," Wainaina alisema polepole.

"Rufus angejua."

Simu ikakatwa. Jumapili saa nne asubuhi ilipita, Masumbuko akiwa amelala chali chini ya gari anafungua ekzosi. Hakuna aliyepiga. Emerance aliporudi Jumatatu kutoka kazini, barakoa imemchora mistari mashavuni, alikuja moja kwa moja gereji. Alivua koti akashika mpini wa winchi.

"Kidogo kama chumvi?" aliuliza.

"Yako," alisema Masumbuko.

Alilisugua bati kwa mchanga na siki mpaka likatoa rangi yake. Jumatano saa nne asubuhi, bila Colin, bila spika, aligeuza ufunguo, na silinda nane zikaamka kwa pamoja. Madirisha yalitetemeka. Bénie akafungua lake, na safari hii akasikiliza tu. Masumbuko alirekodi mngurumo ule akaupeleka Auburn. Hadi anaondoka kwenda ghalani, ambako kazi iliruhusiwa kuendelea, hakukuwa na jibu. Lilimkuta kituoni akingoja treni, maandishi mafupi: *Mbabula ibaki nyumbani. Wewe utakuja. Rufus nimemwambia atafute kwingine. Colin ameisikia, amelia.*

Ijumaa serikali ikatangaza kwamba watu wataendelea kukaa ndani mpaka mwisho wa Septemba, na gereji ya Auburn ikabaki na kufuli lake.

Kwa hiyo kila asubuhi aliiwasha Falcon akaiacha ipate moto. Kisha aliirudisha nyuma taratibu hadi saruji ya uwanja wake inapokoma na barabara inapoanzia, akakaa hapo, mguu kwenye breki, akiisikiliza injini isiyo na kosa lolote. Helikopta ilipita. Aliingiza gia ya kwanza, akairudisha ndani, akazima. Jioni akavaa barakoa akaenda kusukuma makasha.