Mwamvita na Majani ya Utupa

Mwaka wa 1941, Faradji alipochukuliwa kwenda kuwa askari, alimwachia mkewe Mwamvita kibuyu cha kunde nyekundu. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, na pale kijijini Wamaza hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa nayo.

"Tunza hii," alimwambia huku akikohoa, kama kawaida yake. "Nikirudi nataka kula kunde za mama."

Serikali ya Wabelgiji ilitaka pamba. Mwamvita alilima pamba mchana kutwa, kunde akazibana nyuma ya nyumba. Kila mavuno alitenga mbegu, na kila mara fukusi walizitoboa. Mwaka wa pili zilibaki konzi mbili tu. Alizimwaga kwenye ungo, akaona vumbi, vitundu vya duara na vidudu vikitembea, akalia kana kwamba anayeliwa ni Faradji mwenyewe.

Ndipo alipoukumbuka mto. Zamani wakiwa wachumba, walikuwa wakienda na wenzao kuvua kwa utupa. Majani yakipondwa na kutiwa majini, samaki wanalegea na kuelea tumbo juu, na Faradji, maji mpaka kiunoni, anawaokota huku akicheka. Alitamani kukisikia kicheko kile hata mara moja.

Akachuma utupa, akaukausha kivulini, akautwanga. Konzi moja ya kunde akaichanganya na unga huo, nyingine akaiacha vilevile, kila moja katika kibuyu chake.

François, monitere wa kilimo, yaani msimamizi wa serikali, alipokuja kukagua pamba alimcheka. "Mama, ile majani iko ya samaki, haiko ya vidudu."

"Samaki iko napumua. Kidudu nacho iko napumua."

Siku ya tatu fukusi wa kibuyu cha kwanza walikuwa wakiburuta miguu, kisha wakatulia kabisa. Mayai yalikuwa machache, na hata miezi miwili ilipopita hakuna kidudu kipya kilichotoka ndani ya kunde. Katika kibuyu cha pili, mabuu yalikulia ndani ya kunde, yakatoka yana mabawa, yakataga tena, mpaka kunde zikabaki maganda matupu.

François aliporudi, aliigeuza kunde moja nzima kiganjani.

"Nilisoma kitu kama hiki," alisema mwishowe, bila kucheka. "Hewa inaingia, lakini mwili unashindwa kuitumia. Nguvu inakwisha. Kidudu hakiwezi kutembea, hakiwezi kutaga."

Mwamvita alitikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa akiwaza kwamba sasa mbegu itangoja hata miaka kumi.

Vita vilipokwisha, alitembea kwa miguu hadi Kasongo, ambako askari walikuwa wakirudi. Alingoja siku nne. Siku ya tano akaja Ramazani, aliyekuwa kikosi kimoja na Faradji. Akainamisha macho.

"Mama, yeye mzima. Alibaki kaskazini, Stanleyville. Iko na bibi kule, na watoto."

Mwamvita hakuuliza habari za mke huyo.

"Bado anakohoa?"

"Hapana. Kikohozi kilikwisha."

"Asante, baba," akasema, akashika njia ya nyumbani.

Hakuolewa tena. Wanawake wa Wamaza walijifunza kwake kutwanga utupa, na kunde nyekundu zikaenea mpaka Kabambare. Ila kila msafiri aliyetoka kaskazini, Mwamvita alimkaribisha maji, akamwacha anywe kwanza, kisha akamwuliza kama kule Stanleyville mvua inanyesha.