Mama wa mgonjwa alikuja kututetea mbele ya wakaguzi, akatuzamisha

Wakuu, asalaam aleikum, na wa salamu nyingine habari zenu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, majina tu ndiyo nimebadilisha. Asiyeamini asome kama burudani, sitagombana na mtu.

Mimi niko mapokezi kwenye kliniki ya madaktari hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mwanzilishi ni Daktari Athman, mzee wa heshima zake. Nusu ya mtaa huu amewatibu tangu wako tumboni. Mshirika wake ni Daktari Salma, mdogo kwake sana.

Wakaguzi wa leseni walikuja wawili, mama mmoja na mwenzake. Nilidhani watakagua friji ya chanjo na vyoo, na vyote tulikuwa tumeving'arisha. Kumbe walitaka kujua uongozi. Nani anaamua? Kosa likitokea, nani anaambiwa?

Kila aliyeulizwa alijibu, "Daktari." Hata Salma, ambaye naye ni daktari, alijibu hivyo hivyo.

Mama mkaguzi akaandika. Alikuwa na adabu sana, na wakubwa wenye adabu namna hiyo ndio hunitia hofu.

Sasa niwaeleze desturi yetu. Mgonjwa akikosewa, Daktari hamtumi mtu. Hununua halwa, akaenda mwenyewe nyumbani kwa mgonjwa baada ya Alasiri, akaomba radhi. Wenyewe wanasamehe, kahawa inanywewa, yameisha. Hakuna anayekwenda kushtaki.

Sisi tukimwona anatoka na halwa tulijua kuna jambo, lakini kumuuliza mzee kama yule ni utovu wa adabu. Mtaa mzima humsifu kwa hilo, nami nikiwemo.

Basi wakaguzi wakiwa bado pale mapokezi, akaingia Bi Zainabu, jirani yetu. Alikuwa amesikia kwamba tunataka kufungiwa. Hata salamu aliikata fupi, jambo ambalo si kawaida yake kabisa.

"Msimfungie Daktari wetu, mama. Mwanangu alidungwa penisilini hapa na mwili wake hauitaki, tulipofika nyumbani akafura uso mzima. Daktari alikuja mwenyewe kwangu akaniomba radhi. Nani afanyaye hayo siku hizi? Na jirani yangu pia, alidungwa dawa iyo iyo, akafura vile vile, na Daktari akenda!"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mama mkaguzi akamuuliza kwa upole, huyo jirani alidungwa kabla ya mwanao au baada?

"Baada," akasema Bi Zainabu, bado anatabasamu.

Daktari alipoitwa alikasirika, na simlaumu. Heshima ya umri mzima ilikuwa inahojiwa mbele ya watu. "Radhi nimeomba, nimepawa. Mwataka nini tena?"

"Familia uliziambia," mkaguzi akasema. "Wafanyakazi wako je?"

Aliyejibu ni Sista Mwende, muuguzi wetu, ambaye alikuwa amesimama mlango wa chumba cha sindano.

"Hao wote wawili niliwadunga mimi. Walitoka hapa wazima. Leo ndiyo nasikia kwamba walifura. Mngeniambia ya wa kwanza, wa pili ningemuuliza kama dawa hii humdhuru kabla ya kumdunga."

Daktari akamgeukia, akasema lile analolijua, "Mwanangu, niwie radhi."

"Sitaki radhi, Daktari. Nataka kuambiwa."

Hatukufungiwa. Tulipewa muda wa kurekebisha, na malalamiko yote sasa yanapita kwa Daktari Salma, kisha tunakaa sote kuyazungumza. Kikao cha kwanza Daktari Athman hakusema neno. Cha pili alisema, na kilikuwa kirefu, maana kulikuwa na nyumba nyingi alizowahi kwenda ambazo hakuna aliyezijua.

Nilichojifunza ni kwamba tulimpenda mzee wetu hadi hakuna aliyethubutu kumuuliza anakwenda wapi. Waliolipia adabu yetu ni wagonjwa.

Nyinyi mnaofanya kazi chini ya wazee kama huyu, mtu mwema kabisa, mnamwambiaje amekosea? Nauliza kwa dhati, maana Sista Mwende sasa kila akishika sindano huuliza mara mbili, na mgonjwa akishaondoka hunijia na kuniuliza kama kuna aliyepiga simu.