Sinia la Bi Swafiya

Swafiya binti Alwi alikuwa mkunga, na wanawake wa Lamu walimsifu kwa ukali wake kabla hawajafika kwenye mikono yake. Mzazi aliyeinuka kitandani kabla ya arubaini alimkemea mbele ya mama mkwe wake. Mama mkwe aliyemwinua alimkemea mbele ya mtaa mzima. Kulala, kukandwa kwa maji moto, kunywa uji wa pilipili manga, mlango kufungwa: hayo hakuyajadili na mtu. Wapo waliomwogopa yeye kuliko uchungu.

Kazi alijifunza Mombasa, akarudi na cheti na sare nyeupe aliyoivaa ndani ya buibui. Kwa miaka mitano alitumika katika zahanati ndogo ya Bwana Jeilani, tajiri wa boriti, aliyeifungua mtaa wa Langoni iwe sadaka ya marehemu mamake. Kisha biashara ya boriti ikalegea. Mshahara ukawa unachelewa, halafu ukawa unachelewa zaidi. Jeilani hakusema neno, na Swafiya hakuuliza. Mwaka wa hamsini na sita, hospitali ya serikali ilipotafuta mkunga, alikwenda nyumbani kwa Jeilani kuomba radhi. Alisema kule kuna kitanda cha kuzalia cha chuma. Jeilani akasema kitanda cha chuma ni kitu kizuri. Kahawa ikaletwa, yeye akanywa ukumbini, Swafiya akanywa ndani pamoja na mke wa Jeilani, Bi Alawiya. Mshahara haukutajwa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi. Kila Ijumaa baada ya sala, kila aliyetumika kwa Jeilani alipelekewa sinia la wali na samaki, limefunikwa kawa. Swafiya alipohamia serikalini, sinia liliendelea kuja. Alielewa sababu. Lilikuwa kitu pekee ambacho mzee yule bado aliweza kukilipa kwa wakati.

Kisha akashika mimba. Mumewe, Muhdhar, alikuwa fundi wa milango ya nakshi katika miaka ambayo watu waliacha kuagiza milango, kwa hiyo nyumba ilikula mshahara wa Swafiya. Serikali ilimpa mkunga likizo ya uzazi yenye mshahara, ila awe ametumika mwaka mzima. Yeye alikuwa ametumika miezi minane tu, na siku zake za kuzaa zilikuwa karibu. Bila likizo ile angezaa, kisha angerudi kazini wiki ya pili, apite njia kuu na maziwa yakimvuja, na wanawake wote aliowahi kuwakemea wakimtazama madirishani.

Karani wa hospitali, Husein, ambaye pia alikuwa jirani yake, alimwambia asihangaike. Miaka ya zahanati ya Jeilani itahesabiwa, mradi Jeilani athibitishe kwamba ameondoka kwake na hapokei kitu tena.

"Hupokei kitu, Bi Swafiya?"

Swafiya hakuwa mtu wa uongo. Akataja sinia la Ijumaa.

Husein akaweka kalamu chini. Alieleza kwa masikitiko kwamba mbele ya serikali chakula cha tajiri kwa mtumishi wake ni posho, na anayepokea posho hajaondoka.

"Kula nala, lakini kazi yake siifanyi."

"Watu hao tunao wengi hapa ofisini," alisema Husein. "Lakini hawajaomba likizo."

Jioni Swafiya alikwenda kwa Jeilani, akifuatana na mamake, Bi Tima. Walikaa ndani, pazia likiwa kati yao na mwenye nyumba. Swafiya akaeleza kwamba anahitaji karatasi ya kusema ameondoka.

"Umeondoka lini?" akauliza Jeilani. "Mimi nilikupa radhi wende kwenye kitanda cha chuma. Sikukufukuza."

"Najua, Bwana. Na sinia lisije tena."

Upande wa pili wa pazia kikombe kiliwekwa juu ya kisahani, kikainuliwa, kikawekwa tena.

"Sinia likikatika, muyi mzima utauliza umeiba nini."

"Wataniuliza mimi."

"Na mimi wataniuliza. Watasema Jeilani hana mtele."

Katika miaka yote hiyo, hapo ndipo alipokaribia zaidi kuzungumza habari ya mshahara. Bi Tima alitazama mkeka. Swafiya alifikiri kidogo.

"Basi waambie nimeiba."

"Umeiba nini?"

"Chochote. Sema kiberiti."

"Siwezi kusema uongo kwa ajili ya kiberiti," akasema Jeilani.

Hakusema uongo. Aliandika karatasi na kuitia sahihi, na sinia likakatika. Ijumaa iliyofuata Hadia, mpishi wa Jeilani, alipita mbele ya mlango wa Swafiya na masinia ya wengine, uso ameugeuzia ukutani. Kabla ya alasiri mji ulikuwa na hakika kwamba Swafiya ameiba. Wengine walisema bandeji, wengine mkasi wa zahanati, wengine kipini cha Bi Alawiya. Waliomuuliza waziwazi aliwatazama tu, akanyamaza kama anyamazavyo mtu mwenye hatia. Alikuwa mkali, na kimya kile hakikumfaa, lakini alikishika. Hakuna aliyesema Jeilani hana mchele.

Likizo ikatoka. Akazaa mtoto wa kike nyumbani kwa mamake, akalala, mlango ukafungwa. Waliokuja kumtazama hawakuwa wengi, na waliokuja walishika vizuri mikoba yao.

Ijumaa ya kwanza Hadia alisimama mlangoni na sinia kichwani. Bi Tima akamwambia amekosea nyumba.

"Sikukosea. Hili si la Bwana, ni la Bi Alawiya. Kasema yeye hajaajiri mtu maisha yake."

Husein alikuwa amekaa pale dakani, barazani mbele ya mlango, amekuja kuulizia hali ya mzazi. Alilitazama sinia kwa muda mrefu.

"La nani hili?"

"La mzazi," alisema Bi Tima.

Husein alizipitia kanuni zote alizozijua, moja baada ya moja. Hakuona iliyokataza chakula cha mzazi. Akaomba maji ya kunawa.

Mtaa nao ulikuwa umeliona sinia likipita. Jioni ile wanawake walianza kuja, mmoja mmoja, na mikoba wameiacha nyumbani. Walimweleza Bi Tima kwamba kile kitu kimeonekana. Kumbe kilikuwa kimeanguka nyuma ya kabati. Kitu gani, hawakusema. Kutoka chumbani sauti ya Swafiya ikawaambia wapunguze kelele, na wafunge mlango.