Nafasi Nne za Bi Taratibu

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa bingwa wa kusahau. Ukimtuma chumvi analeta kiberiti. Ukimtuma kiberiti anarudi mikono mitupu, na hadithi ndefu ya mtu aliyekutana naye njiani. Watu walimwita Baba Kibonge, kwa ajili ya mwanawe wa miezi minane aliyekuwa na mashavu kama ameficha malimau mawili. Mkewe alishaacha kumgombeza. Alimpenda hivyo hivyo, na usahaulifu wake.

Lakini kichwa hicho hicho kilikuwa na chumba kimoja ambamo hakikupotea kitu. Humo waliishi wanyama wa gemu ya kwenye simu, kila mmoja na uhai wake, mbio zake na ugumu wa ngozi yake, mpaka namba ya mwisho. Mnyama anaweza kujifunza mapigo hata arobaini, ila akiingia ulingoni anaruhusiwa manne tu. Nafasi nne. Mengine yote unayaacha nyumbani. Baba Kibonge angeweza kumnyoa mtu upande mmoja, akasimama mashine ikinguruma hewani, anawaza nafasi ya tatu aweke nini.

"Baba Kibonge," mteja humkumbusha, "na huku nako kuna nywele."

Wenzake walifuga simba wa moto na tai wa radi. Yeye alikuwa na konokono, na konokono huyo hakumkamata yeye. Mama Kibonge ndiye aliyemkamata, alipokuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, daktari amemkataza kusimama. Mumewe alimwachia simu ili asikae akihesabu nyufa za ukuta. Akabonyeza bila kujua anabonyeza nini, na kiumbe chenye gamba la kijani kikaingia kwenye mfuko wa gemu. Kinyozi alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ndiye wa mwisho kwa mbio gemu nzima."

"Basi ni mwenzangu," mkewe alijibu, akiitazama miguu yake.

Wakamwita Bi Taratibu.

Sasa pale kwa kinyozi palikuwa na desturi. Kila Jumapili ya pili, saa tisa mchana, simu mbili huunganishwa kwenye televisheni ya ukutani, wakapambana mtu na mtu, mnyama na mnyama. Anayeshindwa hubonyeza neno "Mwachie". Mnyama wake anatembea polepole mpaka ukingoni mwa kioo, anaingia majanini, na harudi tena. Hata umtafute mwaka mzima, humpati. Ndiyo maana wengi walileta wanyama wa juzi na jana, ambao hawajawapa hata jina.

Chaji, fundi simu wa mlango wa pili, alikuwa na mdomo unaotangulia miguu. Siku moja alisimama mbele ya benchi lililojaa watu.

"Kinyozi, zamu ijayo nakutaka na konokono wako. Au yule ni wa kupiga naye picha tu?"

"Wewe unaleta nani?"

"Tingatinga."

Tingatinga alikuwa kifaru wa chuma, na hakuna aliyewahi kumwangusha. Baba Kibonge alikung'uta nywele kwenye kitambaa cha mteja, akakikunja, akasema, "Sawa."

Mama Kibonge alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Sawa gani hiyo, baba wee, na yule ni wetu?

Kwa wiki mbili kinyozi aliandika. Aliigeuza kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika kando ya kioo, akaijaza namba. Mkewe alikuwa ameishia darasa la saba, na hesabu za karatasi zilishamponyoka siku nyingi, lakini mumewe alipomweleza, zilimwingia kama anasimuliwa ugomvi wa majirani.

"Kifaru naye ni mzito," alisema, akimlisha mtoto uji. "Mbio zake thelathini na nne. Bi Taratibu kumi na nane. Kwa hiyo nampa pigo la Geuza Zamu. Ukilipiga, aliye mzito ndiye anatangulia. Halafu nampa Nyundo. Nyundo hugonga kwa nguvu zote akitangulia tu. Akichelewa, ni kama anabisha hodi. Nyundo tatu, kifaru yuko chini."

"Na kifaru atakuwa anamtazama tu?"

"Atamchoma pembe tatu. Lakini gamba la Bi Taratibu ni nene, atazivumilia. Ya nne ndiyo ingemmaliza, na ya nne haifiki."

Mama Kibonge alimtazama huyu mtu ambaye asubuhi hiyo alitoka na kandambili za rangi mbili. Yote haya ameyaweka wapi?

Jumapili ikafika. Asubuhi, kabla ya wateja, kinyozi alikuwa akiosha taulo, mikono imejaa povu. Akamwomba mkewe amsomee namba za konokono kwa mara ya mwisho, naye azilinganishe na za kalenda.

"Uhai," akasoma, "mia moja na ishirini. Mbio, thelathini na sita."

Mkono wa kinyozi ukasimama ndani ya beseni. "Ngapi?"

"Mbio, thelathini na sita."

"Soma tena, mama."

Akasoma tena. Namba zilikuwa zile zile. Hapo ndipo Mama Kibonge alipoanza kuelewa.

"Baba Kibonge, mimi nilikuwa namlisha."

"Unamlisha nini?"

"Yale matunda mekundu. Mchana nikimnyonyesha mtoto, nafungua simu yako, nampa moja moja. Anafumba macho, anatabasamu, kama mtoto aliyeshiba. Nikaona namba inapanda, nikajua namsaidia."

Kumbe tumbo la mnyama wa gemu lina kikomo. Ukijaza mbio, unapunguza gamba. Matunda ya kurekebisha yapo, ila yanataka wiki nzima, na saa tisa ilikuwa mchana ule ule. Mpango wote wa kalenda ukawa karatasi tu. Geuza Zamu sasa lingempa nafasi ya mbele kifaru, maana ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Na gamba jipya lisingevumilia hata pembe mbili.

Mama Kibonge alingoja kugombezwa. Alitamani kugombezwa. Mumewe alijifuta mikono, akaenda kukaa kwenye kiti cha kunyolea, akachukua vitana vinne na kuvipanga mbele ya kioo. Kila kitana kilikuwa pigo. Akavitazama. Mtoto akalia, akanyamaza, akalala. Mtu akachungulia kutaka kunyolewa ndevu, akaona uso ule, akarudi alikotoka.

Kitana cha kwanza akakiondoa: Geuza Zamu, halina kazi tena. Cha pili kilikuwa Nyundo, akakiacha. Kisha akawa anarudia kwa sauti ya chini, "Thelathini na sita. Thelathini na nne. Thelathini na sita." Mwisho akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mama Kibonge, umempa mbio mbili tu zaidi ya kifaru. Mbili."

"Nisamehe, baba."

"Hujanielewa. Sasa anatangulia mwenyewe."

Akamwita akae karibu. Nyundo ya kwanza itagonga kwa nguvu zote, akaeleza, kisha kifaru atachoma pembe, na uhai utabaki chini ya nusu. Pembe ya pili ni ya kuua. Hapo akaweka kitana kipya: pigo la Shikilia. Ukilipiga, zamu hiyo huwezi kufa. Hata uchomwe namna gani, unabaki na chembe moja ya uhai. Na kando yake akaweka kingine: Machungu.

"Hili watu hawalibebi. Ukiwa mzima ni kama kumpulizia mtu. Lakini kadiri uhai unavyopungua ndivyo linavyokua. Ukibaki na chembe, ni sawa na nyundo mbili kwa mpigo."

Mama Kibonge akahesabu kwa vidole. Nyundo moja. Machungu ni mbili. Tatu. Ilikuwa kama kumwona mtu anashona nguo mpya kwa vitambaa alivyokata mwingine vibaya, na inamkaa mtu sawasawa.

"Na akikosea kutangulia hiyo zamu ya mwisho?"

"Basi tunaagana naye majanini," alisema, na hakucheka. "Nafasi ya nne chagua wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mama yake."

Akachagua Jifiche, lile la konokono kuingia ndani ya gamba, kwa sababu hakutaka aende huko bila pa kujificha.

Saa tisa benchi lilikuwa limejaa, wengine wamesimama. Dereva wa lori, aliyekuwa amenyolewa ndevu nusu tu, alijifanya mtangazaji. "Mzee Tingatinga upande huu. Upande ule, mama wa watu anakwenda kuteka maji."

Zamu ya kwanza. Konokono akasogea kwanza. Nyundo ikashuka, na theluthi ya uhai wa kifaru ikakatika.

"Ametangulia?" Dereva alisahau kutangaza. "Amepanda bodaboda?"

Chaji alikunja uso, akainama kwenye simu yake. Pembe ikaingia. Uhai wa Bi Taratibu ukaporomoka, na hapo Chaji akakaa sawa, akatabasamu.

"Ahaa. Mbio anazo, ngozi hana. Kinyozi, umemnyoa mpaka gamba?" Watu wakacheka. "Anataka nyundo mbili zaidi, mimi nataka pembe moja. Shemeji, usiangalie."

Mama Kibonge aliangalia. Zamu ya pili, Bi Taratibu hakupiga. Alijikaza mahali pake, na kifaru akaja na uzito wake wote. Mstari wa uhai ukarudi nyuma, ukageuka mwekundu, ukawa mwembamba, ukaendelea kurudi. Dereva alikwisha kusema "kwaheri bibi" mstari uliposimama. Chembe moja. Nyembamba kama unywele uliobaki kwenye wembe.

Chaji alitazama televisheni, akatazama simu, akamtazama kinyozi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mama Kibonge aliona kwa macho yake mtu anavyofika mwisho wa hesabu.

"Umebeba Machungu," Chaji alisema taratibu.

Kinyozi alishusha kidole. Alibonyeza.

Yule mdogo wa kijani, wa mwisho kwa mbio gemu nzima, akatangulia. Kioo chote kikawa cheupe, mpaka nyuso za benchi zikang'aa. Mwanga uliporudi, kifaru alikuwa amepiga magoti, kisha akalala ubavu. Mama Kibonge alijikuta ameshika mguu wa mtoto kwa nguvu, na machozi yanamtoka bila huzuni yoyote. Hakulilia ushindi. Alililia vile vitana vinne mbele ya kioo: kwamba kitu kidogo vile kinaweza kupangwa kikaenea mahali pakubwa vile, na kwamba aliyepanga ni huyu anayesahau chumvi.

Chaji hakungoja kuambiwa. Alibonyeza mwenyewe. Tingatinga akainuka, akatembea mpaka ukingoni, majani yakafunguka, yakajifunga. Miaka mitatu alikuwa naye.

Kinyozi alizima televisheni. Akakung'uta kiti chake, akakitandika kitambaa safi.

"Njoo ukae, Chaji. Hizo nywele zimekuzidi."

Chaji akaja, akakaa, akafumba macho.

Watu walipotawanyika, Mama Kibonge alimnyonyesha mtoto kwenye benchi tupu. Simu ilikuwa kando yake. Bi Taratibu alikuwa kwenye kioo, amechomoza pembe zake mbili laini, anangoja. Mama Kibonge akaichukua.

"Baba Kibonge. Naweza kumpa moja?"

Mumewe alikuwa anafagia nywele. "Mpe," alisema. "Ila uniambie ni rangi gani."