Marehemu wa Ukurasa wa Themanini na Mbili

Albertine Onema alipata habari za kifo chake siku ya Jumanne, sokoni Kindu, akiwa anakata makayabu, samaki wakavu wa chumvi, kwa kisu kikubwa.

Aliyemletea habari hizo ni Mbambu, mama wa Butembo aliyeuza vitenge kwenye meza ya jirani. Kaka yake Mbambu alikuwa ametoka Kinshasa na kitabu kilichokuwa kinasemwa kila mahali, riwaya ya Mwalimu Mardochée. Mji mzima ulijua kwamba Mwalimu Mardochée, aliyewahi kufundisha darasa la tano pale Mikelenge, sasa anaishi Ulaya, ameandika kitabu cha Kifaransa na wazungu wamempa tuzo. Tangu redio itangaze jambo hilo, kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu alikuwa anajitafuta ndani ya kitabu. Kinyozi mmoja alijitapa kwamba yeye ndiye yule kijana shujaa wa sura ya tatu, ingawa miaka ile ya vita alijificha chini ya kitanda cha shangazi yake mpaka shangazi akamzoea kama sanduku.

Mbambu alikisoma usiku mbili, na asubuhi ya tatu akaegemea meza ya makayabu.

“Albertine, uko mu kitabu.”

“Niko namna gani?”

“Uko muzuri sana,” Mbambu alisema, kisha akasita. “Lakini unakufa.”

Albertine aliweka kisu chini. Aliuliza anakufa wapi. Akaambiwa ukurasa wa themanini na mbili, kwa njaa na homa, msituni, njia ya kwenda Pangi. Jina halikubadilishwa hata herufi moja: Albertine, mtoto wa Onema, yule aliyekula chaki.

Jambo la chaki lilikuwa kweli. Mwaka ule waasi walikuwa ndani ya mji na wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa wameuzunguka, treni haikufika, mashamba hayakuendeka, na chaki ilikwisha kabla ya sabuni. Mwalimu Mardochée, mtu mwembamba aliyefunga tai kila siku hata baada ya shati kuisha kola, aliamua kuandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Viliandika vizuri. Tatizo ni kwamba aliviweka juu ya dirisha, na karibu na dirisha alikaa Albertine, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na tumbo lisilokumbuka chakula cha jana. Kwa juma moja darasa lilipoteza chaki zake zote. Mwalimu alipomkamata, mdomo ukiwa mweupe hadi puani, hakumpiga. Alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia anyambue kitenzi “kula” kwa Kifaransa, katika nyakati zote. Wakati uliopita aliumudu. Wakati uliopo aliumudu kidogo. Wakati ujao ulimshinda, kama ulivyowashinda wengi Kindu mwaka ule.

Watoto walimpenda mwalimu huyo kwa sababu ya hadithi. Kila mchana alisimulia moja, akaikatiza pale penye utamu, akasema mwisho wake utakuja kesho. Ndiyo maana darasa lake lilijaa hata siku za milio ya risasi. Wazazi walidhani watoto wao wanapenda hesabu.

Sasa huyohuyo alikuwa amemuua Albertine, na si kwa siri. Juma lile wateja walimjia na nyuso za msiba. Mmoja alimpa pole kwa kujifiwa. Mwingine aliuliza kama makayabu ya marehemu yanapunguzwa bei. Nyumbani, binti yake Glodie, mwanafunzi wa sekondari, alimsomea ukurasa ule na kuutafsiri sentensi kwa sentensi. Albertine alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. Glodie alipofika pale mtoto anapofunikwa kwa majani ya migomba, mama alimwambia afunge kitabu, hataki kusikia zaidi. Mumewe, fundi wa reli aliyezoea kungojea vitu visivyokuja, alisema kwamba kifo kimeandikwa vizuri. Siku hiyo alipakuliwa wali mtupu.

Kilichomuuma Albertine si kufa. Ni kwamba alikuwa amehangaika sana asife. Alikuwa ametembea kwa miguu hadi Pangi, akalima mpunga wa watu, akarudi, akaolewa, akazaa wanne, akapata meza sokoni na kilo tisini za mwili alizozipigania moja moja. Na mtu aliyekaa kwenye kiti cha Ulaya anafuta yote kwa mistari kumi na miwili.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mwandishi anakuja Kindu kutembelea kwao, na atazungumza na watu katika ukumbi wa parokia, Albertine alitoa kitenge cha harusi, akafunga kilemba, akakaa mstari wa pili. Mbambu alikaa kando yake, kwa msaada, alisema, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyekuja kutazama mpira.

Mwalimu Mardochée alikuwa amezeeka na kunenepa kidogo. Tai bado ilikuwepo. Alisoma kurasa chache, watu wakapiga makofi. Kisha kiongozi mmoja wa ofisi akasimama kuuliza swali juu ya fasihi na maendeleo, na kwa robo saa hakuna aliyejua swali liko wapi. Alipokaa, Albertine aliinua mkono, akasimama.

“Mwalimu, jina yangu Albertine, mutoto ya Onema. Ku ukurasa wa makumi munane na mbili uliandika kama nilikufa. Nimekuja kukuonyesha kama niko muzima.”

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, kwa sababu Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alishuka jukwaani polepole, akaja mpaka mbele yake, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu. Halafu akasema kwa sauti ileile ya darasani:

“Kitenzi kula. Wakati ujao.”

Albertine alikaza mikono pembeni bila kujijua. Alianza vizuri, akafika kwa “sisi”, akakosea palepale alipokosea zamani.

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, akalia mbele ya watu wote, huku padri akitafuta mahali pa kuweka macho yake.

“Nilikuja ku matanga yako,” alisema alipopata sauti. “Nilileta chumvi.”

Hapo ndipo Albertine alipoelewa. Matanga yalikuwa kweli. Mwaka ule wanaume wenye bunduki walipopita nyumba kwa nyumba wakitafuta wasichana wa kubebesha mizigo, bibi yake wa Alunguli, ng'ambo ya mto, alimtoa kabla ya mapambazuko na watu wanaokwenda Pangi. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba mjukuu amekufa kwa homa njiani. Ili watu wasishuku, alilia siku tatu. Bibi yule alikuwa na kipaji. Alilia mpaka majirani, wenyewe wakiwa na njaa, wakamletea mchele, na chifu wa mtaa akatoa jogoo wake wa mwisho. Askari walikuja, wakaona msiba, wakavua kofia.

Mwalimu alivuka mto kwa mtumbwi akaleta kikombe cha chumvi, kitu ambacho wakati ule mtu hakumpa mwenzake bila kufikiria mara mbili. Mwezi uliofuata alikimbia nchi, na hakuna aliyemwambia ukweli, maana marehemu bibi hakuifungua siri kwa mtu mpaka Albertine aliporudi.

 Albertine alikumbuka kwamba kule Pangi yeye na wenzake walipata kifurushi cha chumvi kutoka kwa bibi, na hawakujua ameipata wapi.

“Mwalimu,” alisema, “ile chumvi tuliikula sisi.”

Mbambu ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mwalimu, akiwa bado na machozi, kisha ukumbi mzima, hata kiongozi wa ofisi.

Jioni ile Mwalimu alikula kwa Albertine. Alikula sombe ya majani ya muhogo na wali mara tatu, akaomba radhi kwa kumuua, akasema katika chapa mpya anaweza kuandika mistari michache ya kumfufua. Albertine alifikiri, akakataa. Alisema yule mutoto wa kitabu alililiwa na watu wengi, hata bibi yake angefurahi, amuache alale. Lakini alitaka Mwalimu asikie habari ya mzima, na alipoona anatafuta kalamu, alimwambia airudishe mfukoni na asikilize. Akamsimulia Pangi, mpunga, safari ya kurudi, harusi. Mwalimu alisikiliza kama mtoto wa darasa la tano, na kila alipodhani imekwisha aliuliza, “Halafu?”

Aliondoka Alhamisi kwa ndege. Siku hizi, sufuria ikiwa jikoni, Glodie anamsomea mama yake kurasa zilizobaki, kuanzia themanini na tatu. Wamefika mia moja na arobaini. Albertine anasema kitabu ni kizuri, ila Mwalimu ameweka mvua nyingi mno. Mwaka ule, anakumbuka vizuri, kiangazi kilikuwa kirefu.